Usitupe Kipande Kile: Kadi za Noeli na Bonane kwa Mikono Yetu

Mvua imeanza, maembe yanaanza kuiva, na watoto wa masomo wanahesabu siku zinazobaki mpaka Noeli. Katika nyumba zetu za Kipushi, Likasi, Kambove na Kolwezi linarudi swali lile lile la kila mwaka: "Bonane hii tutapatia watu nini?"

Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi swali ni jepesi. Kwa yule anayengojea feza, na mwezi hauishi, swali ni zito. Kuku ni bei. Nguo ya mutoto ni bei. Hata mfuko wa bunga unafikiriwa mara mbili. Basi wengi wanaamua kunyamaza. Hawaendi kwa ndugu, hawatumi neno, kwa sababu wanaona haya kwenda mikono mitupu.

Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho kila jamaa inaweza kufanya bila kuvunja kibubu: kadi ya kutengeneza nyumbani, kwa karatasi yenye maua na mabaki ya kushona na ya masomo.

Ninajua kijana mmoja ataniuliza: "Lakini mama, leo batu beko na telefone. Kadi ni ya nini tena?" Mwanangu, neno la telefone ni zuri, na mimi ninalituma. Lakini angalia asubuhi ya tarehe 1 mwezi wa kwanza. Picha ile ile moja ya mishumaa inazunguka kwa watu mia, hakuna jina la mutu juu yake. Kisha telefone inaibiwa ao inaanguka mu maji, na maneno yote yamekwenda. Kadi inabaki ukutani. Inabaki ndani ya Biblia, ndani ya sanduku la mama. Jirani yetu mmoja anafanya kazi mbali, upande wa Fungurume, anarudi nyumbani baada ya majuma mengi. Kadi ya mtoto wake anaiweka ndani ya sanduku lake la chakula. Imekunjika, ina alama ya mafuta, lakini hataki kuitupa.

KADI ILITOKA WAPI?

Wengi wanafikiri kadi ni kitu cha duka tangu mwanzo. Sivyo. Kadi ya mkono ni yaya wa kadi ya duka.

Katika Uingereza, zamani, watoto wa masomo walipewa karatasi yenye mapambo pembeni. Kabla ya Noeli waliandika juu yake maneno mazuri kwa mwandiko wao bora, wakawapelekea wazazi kusudi waone maendeleo yao. Katika Ubelgiji, zaidi kwa Waflamandi, desturi ya namna hii ipo mpaka leo: mtoto anaandika barua ya mwaka mpya juu ya karatasi yenye mapambo, kisha anasimama mbele ya wazazi na wasimamizi wake wa ubatizo, na kuisoma kwa sauti.

Kadi ya Noeli ya kuchapwa ilikuja mwaka 1843, London. Bwana mmoja, Henry Cole, alikuwa na kazi nyingi na marafiki wengi wa kuandikia. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja, akaichapisha, na zile zilizobaki zikauzwa shilingi moja kila moja. Bei ile haikuwa ya mfanyakazi wa kawaida. Katikati ya picha kulikuwa jamaa mezani, wakubwa kwa wadogo. Pande mbili kulikuwa watu wanaolisha wenye njaa na kuwavika wasio na nguo. Watu wengine walikasirika, kwa sababu katika picha mtoto mdogo alikuwa anaonjeshwa divai! Miaka ya 1870 mchapishaji Louis Prang, mtu wa asili ya Ujerumani aliyehamia Boston, alianza kuuza kadi za Noeli za rangi katika Marekani, na biashara ikakua.

Mnaona? Mashine ilikuja kwa sababu mtu mmoja hakuwa na wakati. Sisi tukiwa na Jumamosi moja ya mvua na meza moja, wakati tunao.

MABAKI YALIYOMO NYUMBANI

Kabla ya kwenda dukani, zunguka nyumba yako. Utakuta:

– Kalenda ya mwaka uliopita. Karatasi yake ni nene, na upande wa nyuma ni mweupe. Ni kadi nzuri kabisa.
– Karatasi ya zawadi iliyobaki ku ndoa ao ku ubatizo. Inyooshe kwa pasi yenye moto kidogo, ukiweka kitambaa juu yake.
– Mifuko ya karatasi ya kaki. Ule wa sukari ao wa bunga ni bora. Ule wa simenti tumia tabaka la ndani ambalo halikugusa simenti, upanguse vizuri nje ya nyumba, maana vumbi ya simenti inaunguza ngozi na macho.
– Karatasi ya kung'aa ya ndani ya majani ya chai na ya shokola.
– Majalada ya makaye yaliyoisha.
– Vipande vya vikwembe kutoka kwa fundi wa kushona. Omba kwa adabu siku ya Jumamosi anapofagia. Mara nyingi atakupa bure.
– Nyuzi, vifungo visivyo na ndugu, shanga za mukufu uliokatika, ukindu wa kusuka.

Vyombo ni makasi, late ya kupimia, penseli, wembe kwa mtu mkubwa tu, na Bic iliyokwisha wino. Usiitupe Bic ile. Utaona kazi yake.

Hapa tuseme maneno mawili kwa vijana wa migodi. La kwanza: mawe ya kijani ya mukuba ni mazuri kwa macho, na kuna watoto wanaoyasaga kusudi wapate rangi. Msifanye vile. Vumbi ya mawe ya migodi ina mukuba, mara nyingi na kobalti, na pengine mabaya zaidi. Inaingia mu mapafu. La pili: waya mwembamba wa shaba unapendeza sana juu ya kadi, lakini uliza umetoka wapi. Ule wa radio iliyokufa ao wa motere iliyoungua, kwa mtengenezaji unayemjua, ni sawa. Ule wa kabeli iliyokatwa usiku, acha. Huwezi kumtakia mutu Bonane kwa kitu cha wizi.

KARATASI YENYE MAUA, TUFANYE WENYEWE

Kama hamna karatasi ya zawadi, kuna njia mbili.

Njia ya kiazi. Kata kiazi cha kizungu sehemu mbili, pangusa uso wake mpaka ukauke. Chora juu yake nyota, jani ao samaki. Kwa kisu kidogo ondoa kando zote, kina cha nusu santimeta, umbo libaki juu. Lowesha kipande cha godoro kwa wino ao rangi ya maji, gusisha kiazi, kisha gonga juu ya karatasi, mstari kwa mstari. Kiazi kinafaa siku moja tu, kesho yake kinanyauka.

Umbo moja linafaa sana kwetu: msalaba mdogo wa shaba. Wazee wa Katanga waliyeyusha mukuba, wakaumimina katika kalibu yenye mikono minne, na kitu kile kilitumika kama feza. Katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachunguzi waliochimba tangu mwaka 1957 waliikuta misalaba ile pamoja na wafu. Ilikuwako mbele ya mamisioneri kufika. Kata umbo lile katika karatasi ya kung'aa ya chai, na kadi yako itasema mara moja imetoka wapi.

Njia ya kole na kichanuo. Changanya kole ya bunga, ambayo tutaeleza hapa chini, na rangi kidogo: bulu ya kufulia nguo, ao makaa yaliyosagwa na kuchungwa, ao udongo mwekundu uliochungwa. Paka juu ya karatasi yote. Kabla haijakauka, pitisha kichanuo kilichovunjika meno: moja kwa moja, ao kama mawimbi, ao kwa kuzungusha. Mistari inabaki. Ulaya, wafunga vitabu walipamba majalada yao namna hii tangu zamani. Watoto wadogo wanapenda kazi hii kuliko zote, kwa hiyo wavalishe nguo zilizochakaa.

KOLE YA BUNGA

Kole ya duka ni nzuri, lakini chupa ni ndogo na bei si ndogo. Twaa vijiko viwili vya bunga ya mihogo ao ya ngano. Ya mahindi haitoki laini. Changanya na nusu glasi ya maji baridi mpaka mabonge yote yaishe. Weka juu ya mbabula wenye moto kidogo, mimina glasi moja ya maji ya moto polepole, na usiache kukoroga. Inapokuwa nzito na kuanza kung'aa, epua. Tia chumvi kidogo. Acha ipoe.

Inakaa siku mbili ndani ya kopo lenye kifuniko. Ikinuka uchungu, itupe. Tena jueni kwamba mende na panya wanaipenda kole hii kama sisi tunavyopenda bukari. Kadi zikikauka, zitiwe ndani ya kopo la biskuti ao la maziwa, lifungwe.

Sasa ni masika, na karatasi inavuta maji ya hewa. Paka kole kidogo sana, kuanzia katikati kwenda pembeni. Weka kadi kati ya karatasi mbili kavu, juu yake ubao na matofali mawili, usiku mzima. Wakati wa mvua nyingi ngoja siku mbili. Mwenye haraka atapata kadi iliyojikunja kama jani la tumbako.

VIPIMO

Karatasi ya kawaida ya ofisi, ile wanaita A4, ina santimeta 21 kwa 29.7. Ikate katikati: unapata mbili za 14.8 kwa 21. Kila moja ikunje katikati: ni kadi ya 10.5 kwa 14.8. Kwa hiyo karatasi moja nene inatoa kadi mbili.

Kukunja njo kunaonyesha kazi ya fundi na ya mtu wa haraka. Weka late mahali pa kukunja, pitisha Bic ile isiyo na wino, ukikandamiza bila kutoboa. Sasa kunja. Mkunjo utanyooka. Kama karatasi inapasuka ku mkunjo, ina maana unakunja kinyume cha nyuzi zake. Jaribu kwanza kwa kuipinda kidogo kwa mkono, bila kukunja: upande unaopindika kwa urahisi ni upande wa nyuzi.

Kwa uso wa kadi, kata karatasi yenye maua ya 9.5 kwa 13.8. Ukiibandika katikati, pande zote inabaki nusu santimeta nyeupe, kama dirisha. Usijaze kila mahali. Kanuni ya mama mmoja aliyetufundisha kushona ni hii: kimoja chenye maua makubwa, kimoja chenye maua madogo, kimoja kitupu. Ukiongeza cha nne, macho hayajui yaangalie wapi.

Na anvelope? Twaa A4 nyingine, nyepesi, ukate mraba wa 21 kwa 21. Ulaze kama almasi, ncha moja juu. Weka kadi katikati, upana wake ukitazama kushoto na kulia. Kunja ncha ya kushoto na ya kulia, ziache milimita mbili za nafasi kusudi kadi isikwame. Kunja ncha ya chini juu yao na uipake kole pale inapogusa zile mbili. Ncha ya juu ni mlango. Kipande kinachobaki, cha 8.7 kwa 21, kitunze: ni cha kuandikia majina juu ya zawadi.

KIKWEMBE JUU YA KADI

Kitambaa kina tabia yake. Ukikikata kabla ya kukibandika, nyuzi zinatoka. Fanya hivi: piga pasi kipande, paka kole juu ya karatasi, si juu ya kitambaa, laza kitambaa, sukuma hewa itoke kwa kiganja, weka chini ya ubao usiku mzima. Asubuhi kitambaa na karatasi vimekuwa kitu kimoja, na makasi yatakata ua ao ndege bila uzi hata mmoja kutoka.

Sasa niwaambie jambo lililotokea nyumbani mwangu, maana sipendi kuandika hapa kama mutu asiye na kosa.

Mama yangu alifariki miaka minne iliyopita. Katika sanduku lake kulikuwa kikwembe kimoja cha bulu chenye mbayuwayu, kile alichovaa ku ndoa yangu na ku ndoa ya yaya. Baada ya kilio, yaya alirudi Likasi siku chache kuangalia watoto wake. Tulikuwa hatujagawanya vitu. Mimi nikatwaa kikwembe kile, nikakipeleka kwa fundi, akakata, akanishonea nguo. Yaya aliporudi alinikuta nimevaa. Alisimama mlangoni. Alisema maneno mawili tu: "Ulikata mama."

Nikajibu vibaya. Nilimwambia: "Nani alilala naye ku hospitali? Njo miye." Toka siku ile hatukusemezana tena. Binti yake aliolewa, mimi sikwenda. Mwanangu alipata diplome, yeye hakuja. Watu wa kanisa walijaribu kutupatanisha, kila mmoja wetu akasema: "Aanze yeye."

Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uliopita, Jumamosi moja ya mvua, binti yangu wa miaka 13 alikuwa anatengeneza kadi. Vipande vilimwishia. Akatafuta chini ya kitanda changu, akatoa mfuko ambao nilikuwa nimeusahau. Ndani yake mlikuwa vipande vitano vya fundi, kila kimoja kama kiganja.

"Mama, hii ya ndege ni ya nani? Iko muzuri!"

"Ni ya nkambo yako. Rudisha."

Hakurudisha. Aliangalia kipande, akaniangalia mimi.

"Basi nitafanya nayo ya mama mukubwa wa Likasi."

Nilitaka kukataa. Sikupata sababu ya kumwambia mtoto. Nikasema: "Fanya."

Alibandika kipande kimoja vile nilivyowaeleza. Asubuhi alikata mbayuwayu mmoja, akamweka juu ya karatasi nyeupe, bila kitu kingine. Ndani aliandika: "Mama mukubwa, ninakumbuka vile ulinifundisha kusonga bukari, nilikuwa na miaka saba. Sasa nasonga bila mabonge. Bonane." Kisha akanisukumia kadi pamoja na Bic. "Na weye, mama, andika."

Nilishika Bic ile muda mrefu. Mvua iliacha, ikaanza tena. Niliandika: "Yaya, nilikata pasipo kukuuliza. Nilikosa. Unisamehe. Vipande vinne vingine viko, nimekuwekea."

MANENO YA NDANI

Hapo njo kazi yenyewe ya kadi, na wengi wanaikimbia. Wanapamba nje siku mbili, ndani wanaandika "Bonne année" tu na jina. Ndugu, uso wa kadi unaangaliwa dakika moja. Maneno yanasomwa mara nyingi. Jaribu kuweka mambo manne:

1. Jina ao cheo vile unavyomwita kinywani: baba mudogo, yaya, nkambo, mwalimu. Usiandike kama ofisi.
2. Jambo moja la kweli unalomkumbukia: alikupa nauli, alikutembelea ku hospitali, alikufundisha hesabu. Jambo moja linatosha.
3. Tumaini moja kwa ajili yake, lile linalomfaa yeye. Kwa mwenye mgonjwa, usiandike juu ya magari na utajiri.
4. Jina lako na tarehe. Baada ya miaka kumi, tarehe ile itakuwa na bei kubwa.

Kwa jamaa iliyo katika kilio, tumia karatasi tupu, nyeupe ao kaki, pamoja na jani moja ao mstari mmoja. Usiweke kung'aa. Usieleze kwa nini kifo kimekuja. Sema pole, taja jina la marehemu, taja jambo moja jema alilofanya. Halafu nenda na miguu yako mwenyewe. Kadi haichukui nafasi ya kukaa chini pamoja nao.

Na kama kadi ni ya kuomba msamaha, usiseme "kama nilikukosea". Sema ulikosa nini. Nimejifunza hilo kwa gharama.

KWA VIJANA WANAOTAKA FEZA KIDOGO

Kundi la vijana linaweza kuuza kadi mlangoni mwa kanisa Siku ya Bwana, kwa ruhusa ya wazee. Lakini hesabu iwe ya kweli.

Tuseme mna karatasi nene 20. Zinatoa kadi 40. Nne zikaharibika, zinabaki 36. Andikeni katika kaye feza yote iliyotoka: karatasi, anvelope, wino, makaa ya kupikia kole, nauli. Gawanyeni kwa 36, si kwa 40. Ile njo gharama ya kadi moja. Bei ya kuuza iwe juu ya pale, kusudi kazi yenu ipate kitu. Anayesahau zile nne zilizoharibika anakula mtaji wake bila kujua.

Onyesheni mifano sita ao saba kwanza, pokeeni maagizo, ndipo mfanye nyingi. Feza ya mtu aliyetanguliza kulipa msiitumie kwa kitu kingine: ni karatasi yake hiyo. Tena msingojee Noeli tu. Kuna Pasaka, ndoa, ubatizo, mtoto mzaliwa, diplome ya mwisho wa masomo. Mtoto anayezaliwa mwezi wa tano hangojei Bonane.

Kuhusu kutuma, tunajua hali yetu. Kadi nyingi zinakwenda kwa mkono wa msafiri ao wa shofere wa basi. Andika juu ya anvelope jina la anayepokea, avenue na namba ya nyumba, na jina la mutu anayejulikana karibu na pale. Funika kwa kipande cha plastiki, maana katika masika mifuko inalowa. Peleka juma mbili mbele ya sikukuu, si usiku wa sikukuu.

NDIPO IKAWAJE?

Mtaniuliza juu ya kadi ya mbayuwayu. Tuliitia mkononi mwa shofere mmoja wa njia ya Likasi, mutu wa kanisa letu. Aliporudi nilikwenda kumwona.

"Ulimupatia?"

"Nilimupatia mu mikono yake, mama."

"Alisema nini?"

Shofere alikuna kichwa. "Alisema: Ambia mama yake, niliiona. Basi, njo ile tu."

Mwezi wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Nilianza kusema moyoni kwamba nimejiaibisha bule. Binti yangu hakuuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu.

Siku ya pili ya Pasaka, mutu alipiga hodi. Yaya. Alikuja peke yake, na kuku mmoja chini ya mkono. Aliingia, akakaa, akaomba maji. Tulizungumza juu ya bei ya makaa, juu ya njia, juu ya magoti yake. Binti yangu alisonga bukari, na yaya alikula bila kusema neno mpaka mwisho. Kisha akamwambia mtoto: "Kweli. Hakuna mabonge."

Alipotaka kwenda, akiwa amesimama pale pale mlangoni aliposimama miaka ile, aliniuliza bila kuniangalia: "Bile bipande, biko wapi?"

Nilimletea vyote vinne. Alivifunga katika pembe ya kitambaa chake cha kichwa.

Sisemi mambo yote yamekwisha. Kuna mengine hatujayagusa. Lakini sasa telefone yangu inalia siku ya Jumapili, na ninajua ni nani.

Kwa hiyo, jamaa wapendwa, Jumamosi hii pikeni kole, itisheni watoto, toeni ule mfuko ulio chini ya kitanda. Kabla ya kukata karatasi ya kwanza, kila mmoja ataje jina la mutu mmoja ambaye hajamsemeza siku nyingi. Kadi ya kwanza iwe ya huyo.

Bonane njema kwenu nyote.